Jinsi ya Kukaa Meza Moja na Mtoto Asiyeamini: Mwongozo wa Familia ya Cooper

Vifaa vinavyohitajika: mama mmoja mlokole, baba mmoja aliyerudi kazini na njaa yake, bibi mmoja mwenye ulimi mkali, mtoto mmoja wa miaka 9 anayesoma fizikia kwa raha zake, kaka yake na pacha wake, ambao hawataki kusikia habari za atomu wakati wa kula, mchungaji mmoja asiyekasirika upesi, glavu jozi moja.

Watu wote hawa wanapatikana Medford, mji wa kubuni wa mashariki mwa Texas, ndani ya Young Sheldon, vichekesho vya familia vilivyorushwa na CBS ya Marekani kuanzia tarehe 25 Septemba 2017 hadi 16 Mei 2024, misimu 7 yenye sehemu 141. Watunzi wake, Chuck Lorre na Steven Molaro, walimchukua mhusika aliyekwisha kupendwa, mwanafizikia Sheldon Cooper wa The Big Bang Theory (2007–2019), wakamrudisha utotoni, mwaka 1989. Iain Armitage ndiye Sheldon mtoto. Jim Parsons, aliyemwigiza akiwa mtu mzima, ndiye msimulizi. Mama yake, Mary, anaigizwa na Zoe Perry, ambaye mama yake mzazi, Laurie Metcalf, ndiye Mary mwenye umri mkubwa wa ile tamthilia ya kwanza.

Mwongozo huu unakuhusu wewe mzazi ambaye binti yako amerudi kutoka bweni na swali kuhusu mageuko ya viumbe, ukashindwa kulala. Unakuhusu na wewe kijana ambaye umeacha kuamini na hujui utamwambiaje mama. Msikitini au kanisani, kesi ni ile ile: nyumba moja, akili mbili, chakula kimoja. Familia ya Cooper ilikaa na kesi hiyo misimu yote 7 na nyumba haikuvunjika kwa ajili yake. Siri yao ni kwamba hakuna aliyeshinda mjadala, na hakuna aliyeacha kumpenda mwenzake akisubiri mjadala uishe. Hatua zifuatazo zinaonyesha walivyofanya.

Hatua ya kwanza: Nunua glavu

Kwa akina Cooper hakuna anayegusa uma kabla ya sala, na sala husaliwa mkiwa mmeshikana mikono. Sheldon anaogopa vijidudu kuliko anavyomwogopa shetani. Basi anavaa glavu za sufu, za kuzuia baridi, katika joto la Texas, kisha anawapa ndugu zake mikono huku na huku.

Tazama jambo hilo kwa makini, maana kipindi kizima kimo humo. Mama hasemi kwamba asiyeshika mkono kwa imani asile. Mtoto naye hasemi kwamba asiyeamini anyanyuke mezani. Yeye anafumba mikono kwa sufu, wengine wanafumba macho, sala inasaliwa na mkate unapitishwa. Mama amepata mikono iliyoungana, mtoto amepata ngozi salama.

Kila nyumba inahitaji glavu zake. Pengine ni makubaliano kwamba kijana atainamisha kichwa bila kutamka maneno. Pengine ni kwamba mwezi wa Ramadhani hatalazimishwa kudanganya kuwa amefunga, na yeye hatakula mbele ya waliofunga. Kaeni muitafute njia hiyo mapema, mkiwa hamjakasirikiana, kwa sababu hasira ikishapanda kila suluhisho huonekana ni kushindwa.

Hatua ya pili: Mpeleke kanisani, na umpeleke darasani

Mary Cooper ni Mbaptisti wa Texas aliyekuja kufanya kazi kanisani kwake. Alikuwa na sababu ya kuiogopa sayansi. Juni 1987, miaka miwili tu kabla ya hadithi kuanza, Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta sheria ya Louisiana, jimbo linalopakana na Texas, iliyoitaka shule ya umma inayofundisha mageuko ya viumbe ifundishe pia kile kilichoitwa sayansi ya uumbaji. Katika makanisa ya eneo lile, mwalimu wa baiolojia alionekana ni mtu wa upande wa pili. Na hapo ndipo Mungu alipompa Mary mtoto ambaye walimu wa baiolojia hawamwezi.

Alichofanya Mary ni kumweka Sheldon kwenye benchi la kanisa kila Jumapili, na Jumatatu kumfungulia mlango aende sekondari, mtoto wa miaka 9 katikati ya vijana wenye ndevu. Baadaye, Sheldon anapoanza kusoma chuo kikuu kwa Daktari John Sturgis, bibi yake, Meemaw, ndiye anayemwendesha hadi darasani. Baba yake, George, kocha wa mpira wa Kimarekani ambaye haelewi nusu ya maneno ya mwanawe, anashika usukani hadi Houston ili mtoto awaulize watu wa NASA swali lake kuhusu roketi.

Wazazi wengi hufanya nusu moja ya hatua hii. Wapo wanaompeleka mtoto ibadani na kumficha vitabu, wakidhani wanalinda imani yake. Mtoto wa namna hiyo hujifunza kwamba imani ya wazazi wake inaogopa vitabu, na somo hilo halisahau. Wapo pia wanaojivunia usomi wake hata wakaona haya kumwita asali na wenzake, naye akakua hajui nyumba yao inasimama juu ya nini. Fanya zote mbili. Mzazi anayelipia vitabu vya fizikia anaweza bila aibu kumwambia mtoto avae viatu waende ibadani.

Hatua ya tatu: Mchungaji ajibu swali aliloulizwa

Mchungaji Jeff, anayeigizwa na Matt Hobby, ana bahati mbaya ya kuhubiri mbele ya mtoto anayenyoosha mkono. Katika msimu wa kwanza anajaribu hoja inayofahamika sana: ama Mungu yupo, ama hayupo, kwa hiyo ni nusu kwa nusu. Sheldon hamwachii. Kuwepo kwa majibu mawili, anamweleza, hakumaanishi kwamba yana uzito sawa. Nikirudi nyumbani huenda nikakuta dola milioni moja kitandani, na huenda nisizikute. Nani atasema hiyo ni nusu kwa nusu?

Mtoto ana haki hapo, na muumini mwenye akili anapaswa kukubali kwamba ana haki. Hoja mbovu haiwi nzuri kwa kutetea jambo jema. Kinachosikitisha ni kwamba kulikuwa na hoja bora zaidi karibu yake. Blaise Pascal, Mfaransa aliyeishi kati ya 1623 na 1662, alikuwa miongoni mwa walioweka msingi wa hesabu za bahati nasibu, na pia alikuwa Mkristo wa kufa na kupona. Katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1670, baada ya kifo chake, hakudai kwamba Mungu ana nafasi nusu. Alisema kwamba hata nafasi ikiwa ndogo, kinachoshindaniwa ni uzima usio na mwisho, na mtu hana budi kuchagua, kwa sababu kuishi kwenyewe ni kuchagua. Unaweza kumpinga Pascal, na wengi wamempinga. Lakini ukimpinga unahitaji kukaa chini na kalamu.

Kwa hiyo ustadhi, padri, mchungaji, katekista: ukiulizwa na kijana, jibu swali lenyewe. Ukiwa hulijui, mwambie utalisoma, kisha ulisome kweli na umrudie. Jambo linaloumiza ni kumwambia kwamba anauliza sana. Jeff ana mapungufu yake, ila anastahili sifa kwa hili: Jumapili inayofuata mtoto yule bado anakaribishwa.

Hatua ya nne: Mtoto akianzisha dini, mwache aone kazi yake

Katika msimu huo huo Mary anaingiwa na hofu kwamba Dungeons & Dragons, mchezo wa mazimwi na wachawi anaoucheza mwanawe, ni mlango wa mapepo. Anampeleka shule ya Jumapili. Sheldon anaipokea adhabu hiyo kama wanafunzi wenye bidii wanavyopokea mtihani. Anasoma Biblia, kisha anachunguza dini nyingine, na mwisho wa utafiti anatangaza ya kwake, ambayo msingi wake ni hesabu. Namba hazidanganyi, anasema, na hazijawahi kupigana vita.

Mzazi anayesikia hivyo hutamani kupiga kelele. Tulia. Mtoto aliyechoshwa na dini huondoka kimya kimya. Huyu ameanzisha nyingine, maana yake bado anataka kitu cha kukiheshimu, kitu kinachodumu, na watu wa kukiheshimu pamoja nao. Muda si mrefu atagundua kwamba kupata wafuasi ni kazi, na kwamba namba tasa, pamoja na uzuri wake wote, haiji kukuuguza ukiwa na homa. Mambo hayo mawili hayaingii kwa mahubiri. Huingia kwa kujaribu. Mpe nafasi ajaribu akiwa chini ya paa lako, mahali ambapo akishindwa atapewa chakula cha jioni.

Hatua ya tano: Usiigeuze sayansi kuwa shahidi wa kukodi

Hatua hii ni ya pande zote mbili, na historia ya jina la ile tamthilia ya kwanza inaieleza vizuri.

Mtu aliyeweka msingi wa wazo kwamba ulimwengu ulianza kutoka hali moja ndogo iliyobanana sana alikuwa padri. Georges Lemaître, Mbelgiji, alipewa upadri mwaka 1923. Mwaka 1927 alichapisha hesabu zinazoonyesha kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akalifikisha wazo lake hadi kwenye mwanzo wenyewe, akautaja kama atomu ya kwanza iliyopasuka. Jina la Mlipuko Mkuu, yaani Big Bang, lilitolewa mwaka 1949 katika redio ya BBC na Fred Hoyle, mwanafizikia wa Uingereza ambaye hakuwa muumini na ambaye hakukubaliana na nadharia yenyewe hata kidogo.

Sikiliza sasa yaliyofuata. Mwaka 1951 Papa Pius wa XII alihutubia akiashiria kwamba sayansi mpya inathibitisha kuumbwa kwa ulimwengu. Aliyehuzunika ni Lemaître, padri mwenyewe. Alishikilia kwamba nadharia yake ni ya fizikia, inasimama au kuanguka kwa vipimo, na isiwekewe mzigo wa kuthibitisha imani. Kwa upande wa pili, Hoyle asiyeamini alitabiri mwaka 1953 kwamba kiini cha kaboni lazima kiwe na kiwango fulani cha nishati, la sivyo nyota zisingeweza kupika kaboni ya kutosha, na sisi tusingekuwepo. Wenzake wakapima, wakakikuta. Hoyle alishtushwa na ulinganifu huo kiasi cha kuandika baadaye kwamba ni kana kwamba akili kuu imezichezea sheria za fizikia.

Padri alikataa kuzitumia nyota kama wakili wa Mungu. Mkanaji alitazama kaboni akaguna. Watu wawili hawa waliheshimu ukweli kuliko walivyoheshimu ushindi wa kambi zao, na ndiyo maana majina yao bado tunayataja. Nyumbani kwako, kijana asilete kila ugunduzi kama fimbo ya kumchapia mama, na mama asikate kila habari ya nyota gazetini akaibandika karibu na aya.

Hatua ya sita: Imani ya mama ikitikisika, mtoto avuke

Hapa ndipo kwenye moyo wa mwongozo. Ni sehemu ya tatu ya msimu wa pili, mwaka 2018. Msichana wa kanisani kwao amefariki katika ajali ya gari. Mary, aliyekuwa akiwafariji wengine, anajikuta hana la kusema. Majibu aliyoyatoa miaka yote sasa anayasikia kwa masikio ya aliyefiwa, na hayamtoshi. Mwanamke aliyesali kila mlo ameishiwa sala.

Fikiria nafasi hiyo kwa mtoto aliyebishana naye tangu ajue kusema. Mpinzani ameanguka mwenyewe. Angeweza kumwambia: si nilikwambia?

Sheldon anakaa karibu na mama yake na kuanza kumtetea Mungu. Anatumia kitu pekee anachokijua. Anamweleza kwamba nguvu ya mvutano ingekuwa kubwa kidogo tu kuliko ilivyo, ulimwengu ungejikunja ukaisha. Ingekuwa ndogo kidogo, vitu vyote vingetawanyika, pasiwe na nyota wala sayari. Vipimo vimekaa sawa mno, na mtu anaweza kwa haki kujiuliza kama yupo aliyevipanga. Yeye mwenyewe haamini. Amevuka mpaka wake akaenda kusimama upande wa mama, akiwa amebeba zana zake zote.

Wanafizikia watakuambia kwamba hoja hiyo haifungi mjadala. Wapo wanaosema huenda kuna malimwengu mengi, na sisi tumo katika ule unaofaa kwa sababu tusingeweza kuwa kwingine. Wapo wanaosema bado hatujui sheria za msingi kiasi cha kujua ni vipimo gani vingeweza kuwa tofauti. Mary wala hafiki huko. Anamshukuru mwanawe, halafu anamwambia kwamba shida yake haiko kichwani, iko moyoni.

Mtoto yule, ambaye mioyo ya watu humshinda, anatafuta tena, na safari hii analeta hesabu ndogo. Duniani kuna watu bilioni 5, anamwambia, na wewe ndiye mama anayenifaa mimi. Kuna uwezekano gani wa jambo hilo kutokea?

Mary anamkumbatia. Takwimu ile ni sahihi kwa wakati wake, kwani idadi ya watu duniani ilivuka bilioni 5 mwaka 1987. Kimantiki haithibitishi chochote. Lakini mama alihitaji kujua kama bado kuna kitu duniani kilichowekwa mahali pake kwa makusudi, na mtoto akamwonyesha kimoja, akitumia namba ambazo mama amemlipia azijue.

Kijana, siku mzazi wako atakapoyumba, na siku hiyo ipo, usimfundishe. Mrudishie kwa lugha yake, au kwa lugha yako kama ndiyo pekee unayoiweza, kile alichokupa. Na wewe mzazi, siku kijana wako atakapovunjika moyo katika sayansi, maabara ikimkataa au mtihani ukimwangusha, mwendee vivyo hivyo. Usimwambie huo ndio mwisho wa kumwacha Mungu. Mkumbushe alivyokuwa akihesabu nyota uani, na umtie moyo arudi kwenye vitabu vyake.

Hatua ya saba: Chunga ulimi wa waumini

Katika msimu wa tano Georgie, kaka mkubwa, anampa mimba mwanamke aitwaye Mandy nje ya ndoa. Minong'ono inaenea kanisani. Wanawake walioimba naye wanamgeuzia Mary mgongo, na mwisho anapoteza kazi yake ya kanisa. Kocha George, ambaye Jumapili humsinzisha, anasimama na mkewe.

Wakati huo wote Sheldon yupo na macho anayo. Mtoto anayeambiwa kwamba Mungu ni upendo hufuatilia kama wanavyofuatilia watu wa maabara: anatazama kinachotokea mtu anapokosea. Naamini kwa dhati kwamba vijana wengi walioacha ibada hawakuondolewa na Darwin. Waliondolewa na siku waliyomwona mama yao akikaa peke yake kwenye benchi. Viongozi wa dini wanaotaka kuokoa vijana wenye akili waanze hapo kabla hawajagusa vitabu vya baiolojia.

Hatua ya nane: Ubatizo

Mwezi Mei 2024, sehemu za mwisho. George amefariki ghafla kwa mshtuko wa moyo. Mary anazama katika dini kama anayezama majini akishika chochote, na anataka watoto wake wabatizwe, kwa hofu ya roho zao. Meemaw, aliyempoteza mkwe aliyempenda, anaona binti yake amevuka mipaka, na mabishano yanapanda.

Sheldon, aliye karibu kuondoka kwenda chuo kikuu cha Caltech akiwa na miaka 14, anakubali kubatizwa. Haamini zaidi ya alivyoamini jana, na mama yake anajua. Anaingia majini kwa sababu mama amebaki bila mume, na yeye anaondoka.

Wapo watakaouita unafiki. Unafiki ni kudanganya ili upate faida, na hapa hakuna aliyedanganywa wala faida iliyopatikana. Hata hivyo hatua hii ina sharti, na bila sharti hilo usiiguse: iwe zawadi. Kijana anayelazimishwa kuingia majini hutoka na chuki, na mwenye kumlazimisha huwa amepata mwili bila mtu. Akisema hapana, hapana hiyo iheshimiwe kwa moyo ule ule ambao ndiyo ingepokelewa. Sheldon aliweza kutoa kwa sababu miaka yote alikuwa amepewa: kitabu, darasa, safari ya Houston, na glavu zake bila kuchekwa.

Ukishindwa hatua zote

Huenda nyumbani kwako mchungaji ni mkali, bibi ni mkali zaidi, na mtoto hataki glavu wala shule ya Jumapili. Basi shika hatua ya sita peke yake. Chagua jambo moja ambalo mwenzako analipenda katika upande wake, lijifunze vizuri hadi uweze kulieleza kwa namna ambayo yeye mwenyewe atasema umelielewa, kisha mweleze siku anayolihitaji. Mama asome sura moja kuhusu kaboni na nyota. Kijana asome tena kitabu cha Ayubu, au kisa cha Nabii Yakubu akimlilia Yusufu, akitafuta humo kile kinachomfanya mama aendelee kusali. Mkimaliza, badilishaneni vitabu na muulizane maswali. Mjadala hautaisha, na hauna haja ya kuisha: watu wanaoaminiana wanaweza kuuendesha maisha yao yote.